Shanga za Siku Arobaini

Kule Warsaw ya Indiana, Marekani, si ile ya Poland, hii ni ya maziwa ya samaki na mashamba ya mahindi, mtu akikuambia anatengeneza magoti humshangai. Mji mzima unakula kwa magoti na nyonga za chuma za kuwekewa wagonjwa. Yupo anayeyeyusha, yupo anayekata, yupo anayepakia kwenye masanduku, na karibu kila nyumba ina nyonga moja iliyokataliwa na wakaguzi, inazuia mlango usijifunge. Lowell Metzger alikuwa mng'arishaji. Miaka thelathini na moja alisimama mbele ya gurudumu la kitambaa akisugua magoti ya watu asiowajua, mpaka aione pua yake mwenyewe ndani ya chuma. Mkewe, Arlene, alikuwa ghorofa ya juu ya kiwanda hichohicho, maabara, ambako watu hunong'ona kama wako maktaba.

Hawakujaliwa watoto. Walikuwa na mbwa mzee, na ugomvi wa miaka ishirini na saba juu ya nani aliacha taa ya gereji ikiwaka. Lowell alikuwa mtani, mdomo hauna breki. Arlene alikuwa mtu wa daftari, hata orodha ya sokoni aliiandikia tarehe. Walipendana. Sisemi hivyo ili hadithi inoge, walipendana kweli, mpaka majirani walichoka kuwasikia wakicheka peke yao barazani.

Miaka mitatu nyuma Lowell alianguka kutoka juu ya paa akitoa majani kwenye mifereji ya mvua. Mfupa wa muundi ukavunjika ukatoboa ngozi. Wakauunga kwa bamba la chuma, na vijidudu vikaingia humohumo. Nisikuchoshe: operesheni tano, usaha ukikauka hapa unafumuka pale, dawa za kumeza zimeharibu tumbo na mfupani hazikufika. Mwishowe Daktari Kessling, mpasuaji wake, mwanamke mfupi asiyezungusha maneno, akamwambia, "Bwana Metzger, hawa wadudu wamejenga nyumba mfupani mwako. Nina jambo moja tu limebaki la kujaribu. Likishindikana, tutakaa tuzungumze habari ya kuukata."

Jambo lenyewe lilikuwa shanga.

Shanga ndogo, kiasi cha punje ya dengu, za chokaa ya aina ileile iliyomo mifupani mwetu, zimekandwa pamoja na dawa nyekundu, ndugu ya ile wanayomeza wagonjwa wa kifua kikuu. Mpasuaji anakwangua mfupa mbovu, anajaza shimo kwa shanga, anashona. Shanga zinaachia dawa palepale penye ugonjwa, halafu zenyewe zinayeyuka na mfupa mpya unaota mahali pake. Lakini zinatakiwa ziachie kidogokidogo. Dawa ikitoka yote kwa mkupuo, inaua vijidudu vya juujuu, na vya ndani vinajikunyata vikingoja ipite. Siku arobaini, ndivyo kiwanda kilivyosema. Na aliyezihesabu siku hizo arobaini, moja baada ya nyingine, alikuwa Arlene.

Kila asubuhi saa tatu alivitoa vichupa kwenye kabati lenye joto la mwili. Ndani ya kila kichupa kulikuwa na shanga na maji ya chumvi, kiasi cha kijiko cha chai. Aliyavuta kwa bomba maji ya jana yote, akatia mapya, ya jana akayapeleka kwenye mashine ipime wekundu. Siku ya kwanza maji mekundu. Siku ya kumi mekundu. Siku ya thelathini na tisa, wekundu uleule, hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Mkuu wa maabara, Dwight Ostrander, mtu mrefu wa aibu aibu, aliubandika mchoro wake ukutani, mstari umenyooka, na siku ya arobaini alileta pai ya krimu aliyoipika mama yake. Wakala wamesimama. Arlene aliona haya kupigiwa makofi, lakini alifurahi mpaka usiku ule akamwamsha mbwa amsimulie.

Basi Lowell alipokubaliwa kuwa mmoja wa wagonjwa kumi na wawili wa kwanza kuwekewa shanga, Arlene alitia saini karatasi kwamba hatagusa wala kusoma vipimo vya mumewe. Akasaini kwa mikono miwili. Lowell naye akawa hanyamaziki.

"Huu mguu unauona?" alimwambia mpaka mwenye duka la chambo. "Mke wangu yumo ndani. Mtu mwingine mkewe anamkaa kichwani, wangu kanikaa mguuni."

Majuma mawili kidonda kilikuwa kikavu. Lowell alianza kwenda na fimbo moja badala ya mbili. Jumapili ya tatu, wametoka kanisani, alikaa kwenye kiti cha jikoni akapandisha suruali.

"Profesa, hebu njoo uone. Hapa pamekuwa pekundu au ni macho yangu?"

Arlene aliinama. Palikuwa pekundu. Aliweka kiganja, pakawa pa moto.

"Kesho kwa Daktari," alisema.

"Kesho nimeahidi kwenda kuwaona jamaa wa kung'arisha."

"Watakung'arisha siku nyingine. Kesho kwa Daktari."

Jumatatu asubuhi Daktari Kessling aliubonyeza mguu pande zote, akauliza maswali, kisha akageukia kompyuta yake na kuufungua mchoro. Arlene aliutambua kabla haujajaa kwenye kioo. Ulikuwa mstari wake.

"Nitawaambia ninavyofikiri," alisema Daktari. "Kama mguu huu ungekuwa hauna dawa ndani, ningekufungua leo hii, nikasafisha. Lakini ni siku ya kumi na tisa. Kwa mchoro huu, zaidi ya nusu ya dawa bado imo, inafanya kazi. Nikifungua nazitupa shanga zote, na sina nyingine za kukurudishia. Wekundu unaweza kuwa ni chokaa tu inayeyuka, tumeshaona hivyo. Mimi nasema tungoje Ijumaa. Homa ikipanda, msingoje, nipigieni."

"Na mchoro huo kauchora nani?" Lowell aliuliza, huku anajua.

"Bwana Metzger, unajua sitakiwi kukujibu."

"Huyu hapa!" Akamwelekezea Arlene fimbo. "Tutangoja, Daktari. Mimi nangoja hata Krismasi."

Arlene alicheka kwa adabu. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mstari ulionyooka, na alipomfikisha Lowell nyumbani alisema ana kazi, akarudi kiwandani, akatoa daftari la vichupa.

Alisoma namba zake mwenyewe. Sifuri nukta tisa moja. Sifuri nukta tisa sifuri. Tisa moja. Tisa moja. Tisa moja. Kurasa na kurasa. Miaka miwili alizipenda namba zile kwa kufanana kwake, na sasa kufanana kulekule kukamtia baridi. Hakuna kitu kinachoyeyuka kinachotoa kiasi kimoja siku arobaini. Hata barafu haifanyi hivyo. Alikwenda kwenye kabati la vitabu, akatafuta ile dawa nyekundu inaweza kuyeyuka kiasi gani ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, akapiga hesabu kwa kijiko kimoja cha chai. Ikaja sifuri nukta tisa moja.

Ile namba haikuwa ya shanga. Ilikuwa ya maji.

Ukitia vijiko kumi vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai baridi, nyingi itabaki chini. Hutasema sukari hii ni ngumu, utasema chai imeshiba. Mwaga, tia chai nyingine, itachukua kiasi kilekile, na kesho vilevile, na mjinga atakaa pale siku arobaini akisema sukari hii inaachia polepole. Mwili wa mtu si kijiko cha chai. Damu na maji ya mwili yanapita juu ya shanga mchana na usiku. Kondoo waliowekewa shanga kwa majaribio walipona, kweli, lakini vijidudu vyao vilikuwa vya siku mbili, si vya miaka mitatu. Na vichupa vile vidogo alivichagua nani? Yeye Arlene, miaka minne nyuma, kwa sababu mashine ya kupimia ya wakati ule ilikuwa haioni rangi nyepesi. Mashine ikaletwa mpya. Vichupa vikabaki, na hakuna aliyeuliza, maana mwongozo ulikuwa umeandikwa na Arlene Metzger na Arlene Metzger hakosei.

Hapo, msomaji, wewe na mimi tungekimbilia simu. Hatukulelewa katika chumba kile. Katika chumba kile namba haitamkwi mpaka ipatikane mara tatu, kutoka shanga za makundi matatu, zilizopimwa siku tatu mbalimbali, ili kosa la siku moja lisichafue zote. Na Arlene alikuwa na sababu yake ya kuishika sheria hiyo kwa meno. Mwaka wake wa tatu kazini aliona ufa kwenye shina moja la nyonga, moja tu, akapaza sauti. Mashine zilisimamishwa siku mbili, watu mia mbili wakarudishwa makwao, na ule ufa ukaonekana ni unywele ulioshikwa kwenye lenzi. Walimwita King'ora. Miaka ishirini baadaye bado kulikuwa na wazee kule chini, wakimwona kwenye ngazi, wanalia kama gari la zimamoto. Lowell alipigana na mmoja kwa ajili hiyo mwaka uleule wa ufa, ndivyo walivyojuana.

Kwa hiyo Arlene hakupiga simu. Alichukua chupa ya lita nzima, akaijaza maji ya chumvi, akatia shanga za kundi la Januari, akaifungia katika joto la mwili.

Jumanne saa tatu asubuhi akafungua kabati. Chupa nzima nyekundu. Lita nzima! Alipima mara ya kwanza, akapima tena. Katika kila sehemu kumi za dawa, nane zilikuwa zimeshatoka, kwa siku moja. Alibadilisha maji, na kufikia mchana yale mapya yalikuwa na dalili ya rangi tu, kama maji uliyosuzia stroberi… hapana, hata hayo ni mekundu zaidi. Yalikuwa karibu meupe.

Simu ilikuwa mfukoni mwake. Namba ya Daktari Kessling ilikuwemo, ya pili kutoka juu. Aliitoa, akaishika. Akajiambia labda kundi la Januari lilikandwa vibaya. Akajiambia akikosea, Lowell atafunguliwa bure, shanga nzuri zitatupwa, na mguu utakatwa kwa sababu ya King'ora. Akajiambia Ijumaa haiko mbali. Yote hayo yalikuwa ya kweli kiasi, na chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo hakujiambia: kwamba akisema, itabidi aseme ni mkono wake. Akarudisha simu mfukoni, akajaza chupa ya pili, akatia shanga za kundi la Februari. Loo, mwanamke huyu! Mimi ninamsimulia na nimekasirika naye, na ningekuwa yeye sijui kama ningefanya tofauti.

Jioni ile Verna, dada yake Lowell, alikuja na sufuria ya tambi na kuku kwa ajili ya karata za Jumanne. Verna ni mjane, sauti yake inafika nyumba ya tatu, na tangu mguu uvunjike ndiye aliyemwendesha Lowell huku na huko Arlene akiwa kazini.

"Wifi, mbona umekonda uso?" alisema kabla hajavua koti. "Huyu anakusumbua?"

"Kazi tu."

"Kazi, kazi. Gawa karata, wewe mwizi," akamwambia kaka yake.

Lowell aliuweka mguu juu ya kiti. Alikuwa anatoka jasho kidogo kwenye paji la uso, na alikuwa anashinda. Mtu akishinda hujisikia mzima. Katikati ya mchezo aliweka karata kifudifudi, akamwangalia mkewe, akauliza bila utani, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

"Arlene. Hebu niambie ukweli. Shanga zako zinafanya kazi, au zimelala?"

Verna alikuwa anatafuna. Mbwa alikuwa chini ya meza. Arlene aliona akilini chupa ya lita, nyekundu mpaka shingoni.

"Zinafanya kazi," alisema.

"Basi," Lowell akasema, akaokota karata zake. "Kama ni hivyo sina wasiwasi. Verna, tupa karata, unazitunza za nini, si mayai hayo."

Jumatano chupa ya pili ilikuwa nyekundu kama ya kwanza. Arlene akajaza ya tatu. Mchana Verna alimpigia kazini.

"Wifi, ndugu yangu anatetemeka. Nimemfunika mablanketi mawili bado meno yanagongana. Nimpeleke?"

"Homa umempima?"

"Thelathini na nane na nusu. Mwenyewe anasema ni mafua, anasema nusu ya kiwanda wana mafua."

Kwa nyuma sauti ya Lowell ikasikika: "Mwambie asiache kazi yake kwa mafua! Ijumaa si keshokutwa?"

Daktari alikuwa amesema homa ikipanda wasingoje. Arlene alilikumbuka neno kwa neno. Alifunga macho pale kwenye korido ya maabara, na kitu cha aibu kikampitia, nafuu, kwamba mumewe mwenyewe amesema wangoje.

"Mpe dawa ya homa," alisema. "Nakuja mapema."

Alifika saa kumi na moja. Homa ilikuwa imeshuka kwa dawa, Lowell anakula supu ya makopo na kulalamika haina chumvi. Alilala vizuri, hata akakoroma. Arlene aliyasikiliza makoromo yale na kujiambia, unaona.

Alhamisi asubuhi, saa tatu na dakika tano, chupa ya tatu ilikuwa nyekundu. Arlene aliandika namba, akaweka tarehe, akaandika jina lake chini. Kisha akaenda ofisini kwa Dwight Ostrander na daftari wazi mkononi, akamwonyesha majibu yote matatu, na hakukaa alipoambiwa akae.

Ostrander alisoma. Masikio yake yakageuka rangi. Hakumpigia kelele, na Arlene angemshukuru kama angempigia.

"Huu mwongozo niliusaini mimi," alisema. "Kaa, Arlene. Tuwapigie wote sasa hivi. Wagonjwa kumi na wawili. Naanza na nani?"

"Namba saba."

"Sitakiwi kujua namba saba ni nani."

"Ni Lowell. Anza na namba saba, Dwight, nakuomba."

Aliposhika simu, ya Arlene ikaita. Ilikuwa Verna, na Verna hakuwa anapiga kelele, alikuwa anaongea polepole kama anasoma.

"Haniitikii vizuri. Ananiita Mama. Gari la wagonjwa liko barabarani. Wifi, njoo hospitali ya Fort Wayne moja kwa moja, usipitie nyumbani."

Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Alhamisi hiyohiyo, saa nane mchana, walimkata mguu juu ya goti, kwa sababu ilikuwa ama mguu ama yeye, na kulikuwa hakuna muda wa kufikiri mengine. Daktari Kessling alitoka amevaa kofia yake ya upasuaji, akamkuta Arlene na Verna kwenye viti vya plastiki. Alisema Lowell ataishi. Verna akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kutafuta choo cha kulilia. Hapo Daktari akakaa karibu na Arlene.

"Ostrander amenieleza," alisema. "Ninaomba unielewe, sikuambii kukuumiza, nakuambia kwa sababu utaniuliza siku moja. Jumatatu kulikuwa na mfupa wa kuokoa. Ningefungua, nikasafisha, nikampa dawa ya mshipani. Siapi kwamba mguu ungepona. Leo nilipofungua hakukuwa na kitu cha kushika."

"Na Jumanne?"

Daktari alivua kofia yake ya upasuaji.

"Jumanne pia," alisema.

Wale wengine kumi na mmoja waliitwa siku ileile, kila mmoja kwa daktari wake. Wanne walikutwa na usaha, wakasafishwa mapema, na miguu yao wanayo mpaka leo. Kiwandani walimwambia Arlene kwamba amewaokoa. Ostrander aliandika hivyo kwenye barua, kwa dhati, na kwao ni kweli. Kwa watu wale siku tatu za kuhakikisha hazikudhuru. Arlene aliisoma barua ile ndani ya gari, akaikunja, akalia mpaka kioo kikafanya ukungu.

Alimwambia Lowell Jumapili, alipoondolewa mirija na akili yake ikarudi sawasawa. Verna alikuwa amekwenda kumlisha mbwa. Blanketi lilikuwa limelala bapa upande wa kulia wa kitanda, na Lowell alikuwa ameshaanza kulifanyia utani, akimwambia muuguzi kwamba sasa akinunua viatu atalipa nusu ya bei. Arlene alivuta kiti. Alieleza habari za vichupa, kijiko cha chai, mashine ya zamani, mstari ulionyooka. Hakujitetea. Lowell alisikiliza akiwa ameukunja uso, na mkewe alipomaliza, mume yule, jamani, alinyoosha mkono akamshika shavu.

"Kwa hiyo maji yalishiba," alisema.

"Yalishiba. Nami sikuona."

"Na Ostrander hakuona, na wale maprofesa wa kondoo hawakuona, na Kessling mwenyewe na vyeti vyake ukuta mzima. Arlene, mimi nimetoa magoti mangapi yenye mikwaruzo? Mtu anayefanya kazi anakosea. Usiniletee sura hiyo. Nimepoteza mguu uliokuwa unaninukia miaka mitatu. Wewe bado ninaye."

Arlene angeweza kuishia hapo. Lowell alikuwa ameshamsamehe na anauliza kama kuna pudingi. Arlene alikaa na mkono wa mumewe shavuni, joto, mkavu, mgumu kwenye vidole kwa ajili ya gurudumu, na akajua hautarudi tena pale akiendelea. Lakini alikuwa mtu wa daftari, na ukurasa ulikuwa haujakamilika.

"Lowell, hujaniuliza nilijua lini."

"Si Alhamisi? Verna amesema uliwapigia Alhamisi."

"Alhamisi nilihakikisha."

Mkono ukabaki shavuni, lakini ulikuwa umesimama.

"Sikukuuliza kuhakikisha. Ulijua lini?"

"Jumatatu nilishuku. Jumanne asubuhi niliona kwa macho yangu. Nikasema nipime mara tatu."

"Jumanne asubuhi."

"Ndiyo."

"Jumanne tulicheza karata."

"Ndiyo, Lowell."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya Verna."

"Uliniuliza, na mimi nikakudanganya. Niliogopa. Niliogopa nikikosea, na niliogopa nisipokosea. Sina maneno mengine."

Lowell aliuondoa mkono. Hakuuvuta kwa nguvu, aliurudisha tu juu ya blanketi, akauangalia kama si wake. Korido kulikuwa na mtu anasukuma toroli la chakula na kuimba. Arlene alingoja apige kelele, alitamani sana apige kelele.

"Vichupa nilikusamehe kabla hujamaliza kueleza," alisema Lowell. "Hata sikujitahidi. Hili sijui nilipeleke wapi, Arlene. Mimi nilikuwa nawaambia watu…" Akashindwa. Akaanza upya. "Mguu ni wangu. Ungesema tu, 'Lowell, sina hakika.' Ningechagua mwenyewe."

"Najua."

"Mpigie Verna."

"Amekwenda kumlisha mbwa, atarudi."

"Mpigie sasa. Mwambie wakiniruhusu nitakaa kwake kwanza. Ana chumba cha chini, hakina ngazi." Aligeuza uso upande wa dirisha. "Sisemi siku zote. Sijui. Nasema kwanza."

Arlene alitoa simu, akapiga. Verna alipopokea, akiuliza kwa sauti yake kubwa kama kuna nini, kama kaka yake amezidiwa, Arlene aliinuka kitini. Akazunguka kitanda kwa upande ule usio na mguu, akamwekea Lowell simu sikioni, akaishika hapo mpaka alipomaliza kuongea.